Kiatu cha Mwamba na Kiatu cha Safari

Kila asubuhi tupangapo mstari uwanjani, kama hakuna mawingu, twauona Kibo. Mtu akisema kwamba fulani amepanda mlima ule, sote twaelewa kuwa alitembea siku kadhaa, akafika juu, akarudi. Lakini neno kupanda lina kazi nyingi katika Kiswahili. Twapanda mpunga, twapanda basi, twapanda ngazi, na twapanda mlima. Neno hilo lilimponza kaka yangu Desemba iliyopita, na aliyemsomea neno hilo ni mimi. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaelezee wasomaji wa gazeti letu namna ya kuchagua viatu vya kupandia, ili hasara yetu iwe faida kwa wengine.

Nyumbani kwetu ni Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi. Likizo ile kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alipata kazi ya upagazi kwa mara ya kwanza. Wapagazi wa Kilimanjaro huku kwetu huitwa wagumu, naye alifurahi sana kuitwa hivyo. Alikuwa na shilingi 30,000 alizopata kwa kuuza mpunga, tukaenda naye mjini Moshi katika soko la mitumba la Memorial. Huko tuliona viatu vyepesi vilivyochongoka mbele, na mpira mweusi umepanda kutoka kwenye soli mpaka juu ya vidole. Mwuzaji akasema, "Hivi ni vya kupandia, vimetoka Ulaya." Kaka akanigeukia akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiwe msomi. Hebu soma hapo ndani." Nikasoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye ulimi wa kiatu, nikamwambia kuwa ni kweli, ni vya kupandia. Akalipa shilingi 25,000.

Hakuna aliyesema uongo siku ile. Viatu vilikuwa vya kupandia kweli, lakini vya kukwea miamba iliyosimama wima, mahali ambapo mtu hufungwa kamba kiunoni na kutafuta pa kushika kwa vidole. Kazi hiyo ipo hata Afrika Mashariki. Mawenzi, mwenye mita 5,149, hapandwi kwa kutembea kama Kibo. Waliofika kwanza kileleni pake kwa habari zilizoandikwa ni Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912. Katika Mlima Kenya, kilele cha Nelion kilikwewa mwaka 1929 na Waingereza Eric Shipton na Percy Wyn Harris. Hata leo wako watu wanaokwea miamba ya Hell's Gate karibu na Naivasha, na ya Lukenya karibu na Nairobi.

Zamani wapandaji wengi wa Ulaya walivaa mabuti mazito ya ngozi yenye misumari kwenye soli. Mwaka 1935 wapandaji sita wa Italia walikufa katika milima ya Alps, na mwenzao Vitale Bramani aliona kwamba viatu vyao havikufaa kwa hali ile. Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa, na mabuti mengi ya mlima hata sasa yana soli za namna hiyo. Huko Ufaransa Pierre Allain alitengeneza kiatu cha namna nyingine, chepesi, chenye soli ya mpira isiyo na meno, kwa ajili ya kukwea mwamba tu. Hapo ndipo njia mbili zilipoachana: kiatu cha safari huku na kiatu cha mwamba kule. Viatu tulivyonunua vilikuwa vya ukoo wa Allain.

Sasa nieleze mambo matatu yanayopimwa katika kiatu cha mwamba. Mwalimu wetu wa fizikia alinisaidia kuyaelewa nilipomletea swali hili.

La kwanza ni ugumu wa soli. Ukisimama kwa ncha ya kidole juu ya ukingo wa jiwe mwembamba kama daftari, uzito wote hukaa mbele na kisigino hutaka kushuka. Soli ngumu hukaa kama ubao na kukataa kupinda, kwa hiyo shavu la mguu halichoki upesi. Ndiyo sababu soli ngumu hupendwa na mtu anayesimama juu ya kingo ndogo kwa muda mrefu, au anayeingiza mguu ndani ya nyufa.

La pili ni kuhisi. Mtu apitaye kwenye kingo za majaruba bila viatu huhisi tope linapoanza kuteleza kabla hajaanguka. Mvishe mabuti ya mpira, naye atajua kuwa ameteleza akiwa amekwisha kaa majini. Ndivyo ilivyo mwambani. Soli laini na nyembamba humpa mtu habari za jiwe alilolikanyaga. Tena, mahali ambapo hapana ukingo, soli laini huukumbatia mwamba na kuingia katika mikwaruzo yake midogo, na msuguano ndio unaomshika mtu asiteleze. Lakini soli laini huchosha mguu upesi, tena nyembamba huisha mapema.

La tatu ni raha ya mguu. Kiatu cha mwamba hubana kwa makusudi, maana nafasi tupu ndani ya kiatu huufanya mguu ucheze. Hata hivyo kubana si kuumiza. Vidole vyapaswa kugusa mbele, na kisigino kisipande wala kushuka, lakini ukiona maumivu makali kiache. Ngozi isiyo na bitana hutanuka kwa kuvaliwa. Kitambaa cha kiwandani hutanuka kidogo tu. Anayejifunza yafaa achukue kiatu kilichonyooka, chenye ugumu wa kadiri, ambacho vidole vyake hulala bila kukunjwa.

Hapana kiatu kinachotoa yote matatu kwa ukamilifu. Ukiongeza ugumu wapunguza kuhisi. Ukikaza ili mguu usicheze wapunguza raha. Kwa hiyo hapana budi kuuliza kwanza: kiatu hiki kitafanya kazi gani, na kwa saa ngapi? Mkwea miamba huvaa kiatu chake kwa muda wa kukwea tu, akimaliza hukivua. Mpagazi hukivaa kutwa nzima.

Nirudi kwa kaka yangu. Alipita njia ya Machame. Kabla ya kufika kambi ya kwanza vidole vyake vilikuwa vimeumia, ikabidi mwenzake amwazime raba kuukuu. Akaendelea nazo mpaka Ukuta wa Barranco, mwamba wa mita 250 hivi ambao watu huupanda kwa miguu na mikono bila kamba. Asubuhi ile mawe yalikuwa yamelowa, na soli za raba zilikuwa zimelika. Kaka akavaa tena viatu vyake vya Memorial. Aniambia kuwa hakuteleza hata mara moja, ijapokuwa alibeba mzigo. Kwa saa ile moja viatu vilikuwa mahali pake, naye akavisifu.

Lakini raba zilipasuka, na njia ya kushukia Mweka ni ndefu. Mtu ashukapo, mguu husukumwa mbele kila hatua, na kiatu kile hakikuwa na nafasi hata ya unyasi. Alifika nyumbani amepoteza kucha mbili, akakaa wiki tatu bila kazi. Waliomwona barabarani walicheka mwendo wake, lakini wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kiatu cha safari kwa hiyo hupimwa kinyume. Kijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za mchana, nawe umevaa soksi utakazovaa mlimani. Kabla ya kufunga gidamu sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse; nyuma ya kisigino pawe na nafasi ya kidole kimoja. Kisha funga, ushuke ngazi au mteremko: vidole visigonge mbele. Soli iwe na meno, isipinde kama kitambaa, na shingo ya buti ishike kifundo cha mguu.

Nimeambiwa tena jambo ambalo tungalilijua tusingalipoteza fedha. Mjini Moshi kuna shirika la KPAP, lililoanzishwa mwaka 2003, ambalo huwaazima wapagazi mavazi na mabuti ya mlima bila malipo. Mzazi mwenye kijana anayekwenda mlimani na ampeleke akaulize huko kabla ya kwenda sokoni.

Mwezi wa Februari kaka alipanda tena kwa mabuti ya kuazima, akarudi na kucha zake zote. Hakunilaumu. Lakini mimi najua kuwa alinunua vile viatu kwa sababu aliniamini mimi ninayesoma kidato cha nne. Nilisoma neno moja nikadhani nimesoma kiatu kizima. Wenzangu, mtu wa nyumbani akikuletea maandishi umsomee, msomee uliyoyaelewa, na usipojua mwambie hujui, mkamwulize anayejua.