Waliochukuliwa na Mto: Ufufuo wa Mwili kwa Wasio na Kaburi

Katika semina moja ya wazee wa kanisa wilayani Ngara tuliulizwa swali ambalo hatukuwa na jibu lake tayari: mtu aliyechukuliwa na mto, asiye na kaburi, atafufuka kutoka wapi? Aliyeuliza hakuwa mdadisi. Tulijibu haraka, kwa aya mbili za Maandiko, akashukuru na kuketi. Lakini tuliona kwamba hakuridhika. Makala hii ni jaribio la kumjibu tena.

Historia ya mahali pale yajulikana. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa ukichukua miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari, ikiteremka maporomokoni na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Maelfu waliopolewa na kuzikwa ng'ambo ya Uganda, Kasensero na kwingineko, na watu wasiojua majina yao. Wengine hawakuonekana kamwe. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, lakini wako waliobaki na meli yao chini ya maji. Kwa hiyo swali la mzee yule ni la Biharamulo na Bukoba pia, wala si la wakimbizi peke yao.

Ugumu wa swali waanzia katika lugha. Biblia yetu ya Kiswahili hutumia neno "kuzimu" kwa makao ya wafu, na shina lake ndilo la "mzimu". Msemaji wa Kihangaza, lugha iliyo jirani sana na Kirundi, hulisikia neno hilo likiwa limekwisha kujaa maana kabla mhubiri hajafungua kinywa. Wafu wana mahali pao, wana haja zao, na asiyezikwa ipasavyo huenda akarudi kuwasumbua walio hai. Ziko jamii za Afrika Mashariki ambazo huzika mgomba badala ya mwili uliopotea, ili marehemu atulie na jamaa wapate kumaliza matanga. Tusiicheke desturi hiyo. Ndani yake mna ungamo kwamba mwili wa mtu si takataka.

Je, Kanisa lafundisha nini? Kifungu cha 17 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 chasema kwa ufupi kwamba Kristo atatokea siku ya mwisho kuhukumu, na atawafufua wafu wote. Hakichori ramani ya mahali roho zinapongojea. Luther alipenda kuyaita mauti usingizi: alalaye hajui usiku ulikuwa mrefu kiasi gani, ila huamshwa asubuhi. Hata hivyo Paulo atamani kwenda kukaa na Kristo (Flp. 1:23), na mnyang'anyi msalabani aliahidiwa Peponi siku ile ile (Lk. 23:43). Wanafunzi wetu hupenda kuchagua upande mmoja na kuubomoa mwingine. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zasema neno moja: muumini aliyekufa yu mikononi mwa Kristo, na hajakamilika mpaka mwili wake ufufuliwe. Wala mikononi humo hatoki ili kutangatanga kando ya mto.

Swali la mto si geni. Mwaka 177 waumini wengi waliuawa Lyon, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Eusebio, katika historia yake ya Kanisa, ameihifadhi barua isimuliayo jinsi watesi walivyoichoma miili yao na kumwaga majivu katika mto Rhône, makusudi ili kuwaondolea Wakristo tumaini la ufufuo. Msomaji aliyesimama Rusumo haoni hapo habari za kale. Mwaka 1992 huko Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia juu ya kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, ambao maji yake ndiyo yaingiayo Kagera. Mto ulikusudiwa kusema kwamba watu hawa hawana kwao, wala hawatakumbukwa. Ufunuo 20:13 wakana jambo hilo waziwazi: bahari yenyewe yawatoa wafu waliomo ndani yake. Mwandishi hataji makaburi kwanza. Ataja maji kwanza.

Augustino, akiandika baada ya Roma kutekwa mwaka 410, aliwajibu waliosikitikia Wakristo walioachwa bila maziko. Alisema kwamba maziko ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa wafu. Lakini aliongeza kwamba miili ya waaminifu isidharauliwe, maana Roho Mtakatifu aliitumia. Wachungaji wengi hushika nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Humwambia mjane kwamba mwili si kitu, kisha Jumapili hukiri naye ufufuo wa mwili! Hapo ndipo nasi tulipokosea kwa mzee yule.

Liko jambo zito zaidi. Katika mto ule waliotupwa walikuwa waliobatizwa, na wengi wa waliowatupa walikuwa waliobatizwa pia. Aya ile ile yasema kwamba kila mtu alihukumiwa kwa kadiri ya matendo yake. Anayehubiri faraja ya Rusumo bila hukumu hiyo huwanyima waliouawa haki yao.

Tuliporudi Ngara tulimwomba mzee atupeleke mtoni. Tulisoma Ufunuo 20, akataja majina saba, tukakiri Imani ya Mitume. Mgomba hatukuzika, naye hakuuomba. Aliuliza tu kama majina hayo yangeweza kuandikwa katika kitabu cha usharika, kwenye orodha ya waliozikwa. Tuliyaandika, na palipotakiwa mahali pa kaburi tukaandika: Mto Kagera.