Elimu ya mazingira: mtaji usiofunga duka

Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Aliyekuwa na shehena ghalani alibaki na mali isiyouzika; aliyefuatilia sheria alikwisha hamia mifuko mbadala. Tofauti yao ilikuwa ujuzi.

Ujuzi huo unapatikana bila kuacha biashara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, na masomo ya mazingira yamo. Mwanafunzi husoma jioni kwa kompyuta au simu, huku duka likiendelea.

Faida iko wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa, kama vile migodi, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, tena na wataalamu waliosajiliwa. Shahada peke yake haimfanyi mtu mtaalamu aliyesajiliwa, lakini anayeielewa ripoti hiyo huwekeza akijua hatari iliyopo.

Gharama si ada tu. Kuna vifurushi vya intaneti na, zaidi, muda. Anayeishia njiani hupoteza vyote. Mwenye busara hupanga saa zake kwanza, ndipo akalipa.