Fahamu: Kwa nini kampuni hufungua programu inayoiuza
Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuusambaza.

Fedha inatoka wapi?

Chukua mfano wa benki: hailipii msimbo. Inalipia uhakika kwamba mfumo ukizima usiku wa manane kuna fundi wa kupigiwa simu. Red Hat ya Marekani iliuza uhakika huo juu ya Linux, mfumo unaopatikana bure, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa takriban dola bilioni 34. Tena programu iliyo wazi hujitangaza yenyewe: mhandisi huijaribu bila kungoja idhini ya idara ya manunuzi, mkataba hufuata baadaye.

Mshindani hataiba?

Hofu hiyo ina msingi, ingawa kilichoruhusiwa na leseni hakiitwi wizi. Mwaka 2021 kampuni ya Elastic ilibana leseni ya Elasticsearch, programu yake ya kutafuta data, ikilalamika kwamba Amazon inaiuza kama huduma. Amazon ikachukua toleo la awali lililokuwa bado huria, ikaanzisha programu yake, OpenSearch. Mwaka 2024 Elastic ikarudisha leseni huria, AGPL, inayomtaka anayeibadili programu na kuitoa mtandaoni aweke wazi mabadiliko yake. Ila kampuni isiyo na kitu cha kuuza kando ya msimbo huwa na sababu chache za kibiashara za kuufungua.