Kwa Nini Dereva Hamwoni Apitaye Gizani

Mwezi Juni, jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni katika mtaa wa Kawale, mjini Lilongwe, Malawi. Saa hiyo mama arudiaye nyumbani na mtoto wake huziona vizuri taa za gari lijalo, naye hudhani kwamba dereva pia amemwona. Dhana hiyo ni ya hatari.

Jicho hupokea mwanga na rangi tu. Ubongo ndio uamuao ukingo huu ni wa umbo lipi, na kipi kiachwe nyuma kuwa mandhari. Mwaka 1915 Edgar Rubin, mtaalamu wa saikolojia wa Denmark, alilieleza jambo hilo, na mchoro wake umepata sifa duniani: mtu huona chombo cha maua, mara huona nyuso mbili zikitazamana, lakini si vyote kwa pamoja. Ukingo ni ule ule. Mwenye ukingo ndiye abadilikaye.

Askari huitumia siri hii kinyume. Sare ya mabakamabaka huvunja ukingo wa mwili hata mabega yakafanana na majani. Lakini aliyewahi kukaa lindo anajua kwamba sare hiyo haimfai kitu anayetikisika.

Mama wa Kawale aliyejifunga kitenge cha rangi nzito amevaa sare ya porini bila kukusudia. Hata kitenge chekundu, fahari ya mchana, gizani huonekana cheusi, kwa kuwa chembe za jicho zifanyazo kazi usiku karibu hazihisi kabisa mwanga mwekundu. Na gari liendalo kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde.

Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Sweden aliwapiga watu picha za sinema gizani, viungo vyao vikiwa na alama zing'aazo 10 hadi 12. Walipotulia, zilionekana nukta tupu. Walipotembea, watazamaji walitambua papo hapo kuwa ni binadamu. Majaribio ya barabarani yaliyofuata yalionyesha kwamba utepe urudishao mwanga, ukifungwa vifundoni na magotini, humdhihirisha mpita njia kwa mbali zaidi kuliko ukiwa kifuani tu.

Kuushona utepe huo kwenye upindo wa suruali ya mwanafunzi ni kazi ya dakika chache kwa fundi cherehani, awe wa Kawale au wa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ambako Kiswahili kimesikika tangu yalipofunguliwa mwaka 1994. Asiye nao ashone kitambaa cheupe. Hakitang'aa sawasawa na utepe, lakini miguu itaonekana ikitembea.