Kibali kinakaguliwa, kuku hawakaguliwi

Gari la kuku wa kienyeji likitoka Singida kwenda Dar es Salaam husafiri usiku, ili joto lisiwamalize kuku njiani. Alfajiri linashusha kwenye soko la Shekilango. Matenga yanapandishwa juu ya matenga, kinyesi cha kuku wa juu kinawadondokea wa chini, na jua likipanda kidogo kuku wa vijiji vingi wanakuwa wamechanganyika na broila wa Kibaha na kuku wa mayai waliokwisha kutaga kutoka Mkuranga. Jioni matenga yale yale yanapakiwa kurudi bara, na manyoya na kinyesi cha jana vingali vimeganda kwenye fito.

Kwa miaka mingi mafunzo ya kujikinga na mafua ya ndege yamemlenga mwenye banda. Ameambiwa aweke karai la dawa mlangoni, awe na mabuti ya ndani na ya nje, azuie wageni, afunge wavu ili ndege wa porini wasiingie, asichanganye kuku na bata, asilete kuku wapya kabla hajawatenga wiki mbili. Yote ni kweli, na anayeyafuata anapata faida hata kama mafua ya ndege hayaji, kwa kuwa kideri na gumboro hupita njia hizo hizo. Lakini mfugaji halindi barabara wala soko, na huko ndiko biashara yenyewe iliko.

Mchuuzi mmoja aliyezeeka katika kazi ya kununua kuku Singida na Dodoma analo lalamiko ambalo nimelisikia kwa wengine pia, ila yeye analieleza vizuri zaidi. Anasema kila safari anakata kibali cha kusafirisha, analipa ushuru kijijini, analipa tena mjini, na kila kizuizi njiani anasimamishwa. Anayemsimamisha anaomba karatasi. Anasoma idadi, anatazama muhuri, anairudisha. Katika miaka yake yote, anasema, hajawahi kuona mtu akifungua tenga hata moja akamtoa kuku na kumtazama macho. Angeweza kubeba kuku wanaokufa, mradi karatasi ni safi, angefika. Na mwenzake mwenye kuku wazima aliyekosa muhuri mmoja amewahi kulala kizuizini mpaka kuku wakaanza kufa kwa kiu.

Hapingi kukaguliwa. Anachouliza ni fedha anayolipa inanunua nini. Sokoni hakuna mahali pa kuoshea matenga, na maji ya kununua kwa dumu hayatoshi hata kunywesha kuku. Akiamua kuosha mwenyewe anachelewa gari, na mwenzake asiyeosha anauza kabla yake kwa bei ile ile. Kwa hesabu hiyo, anasema, usafi ni hasara ya mtu mmoja kwa faida ya wote, na hakuna mfanyabiashara atakayeibeba peke yake muda mrefu. Nimejaribu kumpinga, nimeshindwa.

Lalamiko lake la pili ni zito kuliko la kwanza. Kila uvumi wa mafua ya ndege ukitokea nchi jirani, wateja wanakimbia kuku kwa wiki kadhaa na yeye anauza kwa hasara. Wenye dhamana wanajitokeza kusema nchi iko salama, basi. Hawasemi wamepima kuku wangapi, wa wapi, lini. Mnunuzi haambiwi kuwa nyama iliyopikwa ikaiva na yai lililoiva havimdhuru, kwa sababu kirusi hufa kwenye joto la nyuzi 70, na kwamba walio hatarini kwanza ni wanaoshika kuku hai, wanaochinja na wanaonyonyoa.

Afisa mmoja wa mifugo niliyemfikishia lalamiko hilo alijibu kwamba ufuatiliaji upo na unaendelea. Huenda upo. Ugumu ni kwamba dalili zinafanana mno: kuku kuinama, kichwa kuvimba, upanga kugeuka zambarau, banda zima kufa ndani ya siku chache. Kijijini hayo yote yanaitwa kideri, ugonjwa unaojulikana, wenye chanjo ya matone ya macho inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Nani atapeleka mzoga maabara kwa ugonjwa anaoamini anaufahamu? Ukimya wa namna hii hautoshi kuwa ushahidi wa usalama, na taarifa za kutuliza watu zingekuwa na uzito zaidi zikitoka na idadi ya sampuli.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N8 kando ya Ziwa Victoria, ambako ndege wa porini walikutwa wamekufa, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda. Mwaka 2023 Afrika Kusini iliua mamilioni ya kuku, mayai yakaadimika madukani, na majirani wanaoitegemea kwa kuku wakasitisha kununua. Msumbiji nayo iliripoti ugonjwa mwaka huo huo, mkoani Inhambane. Kwa upande wa binadamu, tangu 2003 watu zaidi ya 900 duniani wameripotiwa kuugua H5N1, na karibu nusu yao walikufa. Misri peke yake ina zaidi ya 350 kati ya hao. Wengi walikuwa watu wanaofuga nyumbani au kushika kuku kwa mikono.

Mtu mwenye banda la kuku mia tano akiona vifo, anafanya nini? Akitoa taarifa, anajua kuku wote wanaweza kuuawa, na sijakutana na mfugaji mdogo aliyeniambia kwamba anamjua jirani aliyelipwa fidia. Anachokumbuka ni mpaka wa Namanga mwaka 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya walipoteketezwa kwa moto kwa hoja ya kuzuia ugonjwa. Basi anampigia dalali. Waliobaki hai wanauzwa siku hiyo hiyo, bei yoyote. Wafugaji hawalifichi jambo hili ukiwa umekaa nao, na mimi siwezi kuwahukumu: chakula cha kuku kimenunuliwa kwa mkopo na mwenye duka anataka chake.

Kuna njia nyingine ya ugonjwa isiyosemwa sana, nayo ni trei ya mayai. Katika banda moja la kuku wa mayai nilioneshwa rundo lililorudi kutoka madukani: karatasi imelainika, viini vya mayai yaliyopasuka vimekaukia kwenye vishimo, unyoya umenasa katikati. Trei hizo zilipita maduka sijui mangapi, na zilikuwa zinaingia banda la kuku wazima. Mlangoni karai la dawa lilikuwepo. Maji yake yalikuwa meusi kwa maranda na kinyesi, na dawa iliyolemewa na uchafu haiui kitu. Kijana wa zamu alikanyaga humo kwa kandambili kila alipopita, kama alivyoagizwa. Bosi wake anasema trei za plastiki zinaoshwa na zinadumu, lakini akimpelekea mwenye duka, hazirudi.

Na kunguru. Dar es Salaam kifaranga aliyekufa akitupwa jalalani hadumu. Kunguru anamchukua na kumdondosha kwenye uwanja wa jirani. Shimo la kuzikia mizoga lenye kifuniko na chokaa ni gharama ndogo kuliko zote katika orodha ya wataalamu, na ndilo nililoliona mara chache zaidi.

Mambo yanaweza kubadilika. Hong Kong, ambako H5N1 iliwaambukiza watu 18 na kuua 6 mwaka 1997, ilianzia sokoni: ikaweka siku za soko kufungwa na kusafishwa kabisa, na baadaye ikakataza kuku hai kulala sokoni. Wafugaji wakubwa wa hapa tayari wanaoga na kubadili nguo kabla ya kuingia bandani. Wadogo, ambao ndio wengi, pengine watafuata kama usafi utaongeza bei ya kuku wao, jambo ambalo bado halijaonekana.

Kwa sasa kalenda haiwasaidii. Oda za vifaranga wa broila wa Krismasi hutolewa mapema Novemba, mabanda yakijazwa kuliko wakati wowote. Kufikia hapo ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanakuwa wamekwisha kutua Ziwa Victoria na kwenye maziwa ya Bonde la Ufa.