Chombo cha Kulala Ziwani

Hunijia mara kwa mara, hapa Bukoba, mtu aliyekwisha azimia kuihama nchi kavu na kufanya maskani yake chomboni, leo auze bidhaa Bumbire, kesho Goziba, keshokutwa arudi Kemondo kupakia upya. Na suala lake la awali, takriban kila mara, ni upana wa chumba cha kulala. Mimi humwomba tuanze na upepo.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,000, na upepo wa kusini-mashariki, ukiisha kuvuka maji yote hayo, hutufikia sisi wa magharibi na mawimbi yaliyokwisha pevuka. Zaidi ya hayo, dhoruba zetu huzaliwa usiku, kwani bara hupoa upesi ilhali maji hubaki na ujoto wake, pepo za nchi kavu zikateremka na kukutana juu ya ziwa, mawingu yakapanda, radi zikaanza kabla ya alfajiri. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana chombo hutahiniwa saa ileile ambayo mwenyewe amelala fofofo.

Kwa sababu hiyo nausia chombo chenye mkuku, cha namna ya mtumbwi wa Sese, ambao asili yake ni visiwa vya Uganda na ambao mbao zake zamani zilishonwa kwa nyuzi badala ya kupigwa misumari. Na kibanda chake kisipite kimo cha mtu aliyeketi. Mafuta, unga na kila kilicho kizito kikae chini, juu ya mkuku. Meli ya MV Bukoba, iliyong'oa nanga hapa kwetu na kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 pamoja na mamia ya ndugu zetu, ilipinduka. Sina hoja kubwa kuliko hiyo.

Kisha mbao. Maji ya chumvi huzihifadhi, bali maji baridi yanayotuama ngamani, yakichanganyika na ya mvua, huziozesha kimyakimya. Basi funua sakafu, uchome kisu pale taruma linapokutana na mkuku, upande wa shetri. Juzi huko Kemondo nilifanya hivyo mbele ya kijana mmoja aliyekuwa amekwisha hesabu fedha zake, kwa kupendezwa na kibanda kirefu chenye madirisha mawili na rangi mpya ya samawati: kisu kikaingia hadi mpini, kikatoka na unga mweusi unaonuka uyoga. Alinyamaza kitambo. Halafu tukavuka mchanga kwenda kutazama chombo kingine, cha mvule, kikuukuu, kisicho na kibanda wala rangi, nikakichoma mahali saba, na mara zote saba kisu kikagota.