Mjane aliyemsimamisha kaisari

Machi 1302, watawala wa Florence walitoa hukumu: Dante Alighieri, aliyepata kuwa mmoja wa viongozi wa mji huo, akikamatwa achomwe moto. Alituhumiwa rushwa, na hukumu ilipitishwa bila yeye kuwapo. Hakurudi nyumbani hadi alipofariki Ravenna mwaka 1321. Uhamishoni akaandika Divina Commedia, safari ya Jehanamu, Toharani na Peponi, na humo akawafungulia kesi wakubwa wasiogusika na mahakama yoyote ya duniani. Wala rushwa aliwatosa kwenye lami inayochemka. Papa Nicholas III, aliyefanya matakatifu kuwa biashara, kafukiwa kichwa chini, nyayo zikiwaka, akimsubiri Boniface VIII, aliyekuwa bado hai safari hiyo inapodaiwa kufanyika, mwaka 1300.

Mimi navutwa zaidi na mbingu ya Mshtarii. Huko roho za watawala waadilifu zinajipanga ziwe herufi 35, amri ya kuwataka wanaohukumu dunia waipende haki, kisha zinakuwa tai mmoja. Ni roho nyingi, lakini tai anasema "mimi".

Kwenye nyusi zake yumo Trajan, kaisari wa Roma ambaye hakuwa Mkristo. Kisa chake Dante anakionyesha Toharani, kimechongwa kwenye marumaru. Kaisari yuko juu ya farasi, jeshi linaondoka kwenda vitani. Mjane anashika hatamu: mwanawe ameuawa, anataka haki. Asubiri hadi arudi, kaisari anasema. Na asiporudi? Basi atakayemrithi atatimiza. Mjane hakubali: wema wa mwingine utamfaa nini yeye akiacha wajibu wake? Kaisari anasimama.

Dawa ya dhuluma aliyoipendekeza Dante, mfalme mmoja juu ya dunia nzima, siikubali hata kidogo. Matumaini yake kwamba Kaisari Henry VII angekuwa mfalme huyo yaliishia kaburini, Henry alipofariki mwaka 1313. Lakini kipimo chake nakikubali. Tai anaonya kwamba Siku ya Hukumu Mwethiopia atawahukumu Wakristo wa mdomoni, na Waajemi watapata la kuwaambia wafalme wa Ulaya kitabu kikifunguliwa. Humo yumo Philip IV wa Ufaransa, na shtaka lake si vita wala mauaji. Alichakachua sarafu, fedha halisi ndani yake ikapungua, raia wake wakaumia. Kwa Dante, hilo lilitosha kuandikwa.